Siku Mijusi Wangu Walipokula Firigisi ya Shemeji

Nimezika mume, nimezika binti, na aibu nyingi nimezizika pia bila jeneza, lakini kuna moja imekataa kukaa chini ya udongo. Kila nikienda matangani huko Moi's Bridge naikuta imefika kabla yangu, imeketi viti vya mbele, inanisubiri. Basi wacha niiandike mwenyewe (mwandiko wangu mtausamehe, shule niliiacha darasa la tatu), kwa sababu wanaoisimulia wanaongeza chumvi, na wako wanaosema mpaka leo kwamba nilimficha mwanamume chumbani siku mjukuu wangu alipokuja kuposwa. Sikuficha mwanamume. Nilificha mijusi wawili.

Na sisemi hawa mijusi wa ukutani wanaokula mbu. Ninasema mijusi warefu kupita mkono wa mtu mzima, weusi wenye mabaka meupe, ngozi kama shanga zilizopangwa na fundi asiye na haraka, ulimi umepasuka katikati. Waliletwa Eldoret na mwalimu mmoja wa chuo, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ambaye nilimpikia na kumfulia miaka minne kule Elgon View. Sisi tulimwita Profesa. Aliniambia kwao wanaitwa tegu, nikamwambia, Profesa, kwetu tegu ni mnyoo wa tumboni, hilo jina usilitaje watu wakila, akacheka mpaka akakohoa. Dume alikuwa na mashavu yaliyojaa kama ya mtu aliyehudhuria arusi mbili siku moja, kwa hiyo nikamwita Mashavu. Jike nikamwita Sabina, kwa vile alikuwa na maringo ya msichana fulani niliyesoma naye, ambaye alikuwa akikuangalia kama amekukuta kwenye uji.

Halafu ikaja ile kura, na nyuma ya kura ikaja vita. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwenye ploti ambayo mwenyewe alikuwa akitafutwa, lakini moto haumuulizi mpangaji alimpigia nani, uliingia kwangu ukala kitanda, ukala kabati, ukala picha ya pekee ya binti yangu marehemu. Nilitoka na mjukuu wangu Nekesa mkononi (alikuwa darasa la sita, mama yake alishafariki, baba yake hatumjui) na sufuria kichwani. Sufuria yenyewe tupu. Mpaka leo sijui kwa nini nilibeba sufuria nikaacha blanketi.

Tulifika kwa Profesa tukamkuta langoni, wenzake wanamvuta mkono waende uwanja wa ndege, ana begi moja tu. Akanipa ufunguo wa nyumba ya wafanyakazi na karatasi aliyochora picha, kwa sababu alijua kusoma kunanipiga chenga: yai, samaki, konokono, panzi, boga, papai, kipande cha nyama, jani. Akaniambia, "Mama, usiwape kitu kimoja. Kila siku kitu tofauti. Tafadhali." Nikasema sawa Profesa, na moyoni nikasema huyu mtu akili zimemtoka, mji unawaka moto na yeye anawaza mboga za mijusi.

Hakurudi tena. Na ile karatasi niliiweka chini ya godoro nikaisahau, kwa sababu tofauti ningeitoa wapi? Maduka yalifungwa, barabara zimewekwa mawe, nilikuwa napanga foleni kwenye kambi ya wakimbizi napewa mahindi, narudi, nachemsha mahindi. Asubuhi mahindi, jioni mahindi, kesho yake mahindi. Mijusi kwanza walikataa. Nikawaambia, hata mimi nimekataa, lakini tunameza. Wakameza. Tukakaa hivyo wiki, ikawa mwezi, ikawa miezi, mimi na Nekesa na Mashavu na Sabina, wanne kwenye sufuria moja.

Kilichofuata ndicho kilinifundisha ninachojua. Nekesa akaanza kupasuka pembe za mdomo, ulimi mwekundu, nywele kama za mahindi machanga. Na wiki ile ile Mashavu naye miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka, taya likalegea, anabeba tumbo lake chini kama mtu anayevuta gunia. Nikampeleka mtoto kwa nesi wa kambini. Nikamwambia, huyu anakula, sahani anamaliza. Nesi akamshika kidevu akaniambia, "Mama, tumbo limeshiba lakini mwili una njaa. Unampa kitu kimoja." Nilisimama pale kama nimepigwa kofi. Ni maneno ya Profesa kabisa, tena kwa sauti ya mtu aliyevaa sweta ya bluu.

Basi nikarudi nikatoa karatasi chini ya godoro. Na mimi nikianza jambo silianzi nusu. Mayai niliomba, omena, wale dagaa wadogo, nilifulia watu nguo nikapata, mboga za managu na terere nilichuma kando ya uzio, konokono na panzi tuliokota na Nekesa asubuhi kabla umande haujakauka, maganda ya mayai nilikausha nikasaga juu ya jiwe nikawanyunyizia kama chumvi, na jua likitoka nawatoa wote nje, mtoto na mijusi, wanalala kwenye nyasi pamoja. Kidogo kidogo mdomo wa mtoto ukafunga. Kidogo kidogo Mashavu akainua tumbo. Siku alipotembea kutoka jikoni mpaka langoni bila kutetemeka, Nekesa alipiga vigelegele kama amezaliwa mtoto wa kiume.

Huyo Nekesa sasa ni daktari wa mifugo. Ninaandika tena ili mwenye macho mabovu asome vizuri: daktari wa mifugo. Mjukuu wa mfua nguo. Anaendesha pikipiki yake na gambuti zake, ng'ombe za upande wa Ziwa, kule mashambani, zote zinamjua, na ukimuuliza alisomea wapi kwanza, atakwambia kwenye nyasi za Elgon View, akisaga maganda ya mayai. Na mijusi bado nipo nao, nyumbani kwangu Maili Nne, na wamezeeka vizuri kuliko mimi. Baridi ya Eldoret nimewawekea sanduku lenye balbu (stima ikipotea nawawekea chupa za maji moto), na chakula chao kina ratiba kama ya bweni: mayai sio kila siku, samaki siku yake, boga na papai siku yake, mvua ikinyesha kumbikumbi, na Jumamosi firigisi. Mashavu Jumamosi anaijua. Usiniulize anaijua vipi.

Sasa tuje kwa aibu yenyewe.

Nekesa alimpata kijana anaitwa Kiprono, Mnandi wa Ziwa. Alikuwa ameenda kumzalisha ng'ombe wa baba yake saa kumi za alfajiri, ndama alikuwa amekaa vibaya, na huyo kijana ndiye aliyemshikia taa, basi wanavyosema wenyewe mapenzi yalianzia hapo, nyuma ya ng'ombe. Wazazi wakasema wanakuja kuposa. Na mimi nikaingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Watu wa Ziwa na sisi tuliotoka upande wa Bungoma, tukikumbuka ile miaka, kila mmoja ana kitu amemeza hajakitema. Nilitaka siku hiyo iende kama maji.

Jirani yangu Mama Brian, aliyekuja kunisaidia kupika, akanimalizia hofu. "Wewe, wakwe wakiona hao wanyama watasema mnafuga uchawi. Msichana atarudi kukaa hapa na wewe mpaka mzeeke wote wanne na mijusi."

Nekesa akasema, "Kukhu, tuwaambie tu. Kiprono mwenyewe anawajua, amewashika." (Kukhu ndio bibi kwetu.)

Nikamwambia, "Kiprono anakuoa wewe. Wazazi wake ndio wananioa mimi." Nikawafungia mijusi chumba cha kulala.

Mwingine aliyealikwa alikuwa shemeji yangu, Mzee Wanyonyi wa Moi's Bridge, mdogo wa marehemu mume wangu. Huyu alikuwa lazima. Yeye ndiye anasimama mahali pa mume wangu, bila yeye hakuna mtu wa kupokea wakwe, na wakwe wasipopokelewa hakuna posa, ni watu tu wamekunywa chai. Na kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Sio ya watoto, sio ya mpishi, sio ya aliyeiona kwanza. Mwenye nyumba akiwa hayupo, ni ya mzee aliyesimama mahali pake. Mwanamke akimpa mwanamume mwingine firigisi, ametangaza kitu, na kitu chenyewe sio kizuri. Nimezaliwa nikijua hivyo. Sina kisingizio.

Nikachinja majogoo wawili asubuhi. Firigisi mbili, kubwa, zimeshiba changarawe, nikazisafisha nikaziweka kwenye bakuli. Na ilikuwa Jumamosi. Na siku tatu nzima, kwa ajili ya kupaka nyumba chokaa na kufua vitambaa vya makochi, nilikuwa nimewapa wale wanyama mayai tu, mayai, mayai, mimi ambaye ninajua kitu kimoja kinafanya nini. Nikasikia Mashavu anakwaruza mlango. Dhamiri ikaniuma. Nikajisemea, wakwe ni Wanandi, firigisi kwao ni nyama tu kama nyama nyingine, shemeji anahitaji moja, hii ya pili itaniletea matatizo gani?

Ningebeba moja kwa vidole, leo singekuwa na hadithi. Nilibeba bakuli. Ndilo kosa langu lote hilo, bakuli. Nikaingia chumbani, nikaliweka chini nichague ile ndogo, na Mama Brian akapiga kelele jikoni, "Chapati zinaungua!" Nikatoka mbio. Niliporudi, Mashavu alikuwa analamba midomo, na Sabina, yule wa maringo, ameinua kichwa juu anameza kitu kikubwa kooni, taratibu, huku ananiangalia.

Bakuli safi kama limeoshwa.

Mtaniambia ningechinja mwingine. Kuku wa kienyeji anashikwa alfajiri kabla hujamfungulia, akishatoka ni wa dunia. Kwangu alibaki kuku mmoja tu na alikuwa amelalia mayai. Kutuma mtu sokoni, muda hakuna, nilishasikia gari linazima langoni, na sauti ya shemeji inaamkua wakwe, wamefika pamoja.

Kwenye friji kulikuwa na kipande cha moyo wa ng'ombe. Mimi nimepika kwa watu miaka thelathini, kisu kinanitii. Nikakata moyo vipande viwili, nikavizungusha, nikavipasua katikati kidogo, nikavipa kile kiuno firigisi inacho, nikavichemsha haraka kwenye mchuzi wa kuku na tangawizi. Mama Brian akaangalia akasema, "Mama, wewe ungezaliwa mzungu ungekuwa unatengeneza meno ya bandia." Nikaona nimeshinda. Niliona fahari, wallahi, na hapo ndipo aibu hukufuata.

Wageni wakaketi. Baba Kiprono, mtu mrefu, mtulivu, mfugaji, kofia amevua ameweka gotini. Mama Kiprono na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, amekumbatia kama mtoto. Kiprono kwenye kona, anatoa jasho kwa tai. Nekesa na gauni la kijani nililomshonea. Shemeji katikati, kwenye kiti cha mume wangu. Nikapakua, nikapiga magoti kidogo, nikamwekea "firigisi" juu kabisa ya sahani yake, mbele ya wote.

Akachukua. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, polepole, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Shemeji," akasema, "huyu jogoo alikuwa anakula nini?"

"Mahindi, shemeji. Na vijiwe vyake huko nje."

"Vijiwe gani? Hii firigisi haijasaga hata punje moja maisha yake yote." Akaigeuza kwa kidole. "Huu ni moyo wa ng'ombe."

Mama Brian jikoni alidondosha mwiko.

"Firigisi iko wapi?"

"Shemeji, unajua kuna paka…"

"Hujawahi kufuga paka." Akaweka sahani chini. "Mimi ni mtu mzima. Nyumba ya ndugu yangu jogoo amechinjwa, firigisi haipo, na mwanamke amekaa chini akachonga nyingine kwa kisu ili nisijue. Wewe ukiwa mimi ungefikiri nini? Kuna mwanamume humu ndani ameshakula."

"Shemeji! Na umri huu?"

Na hapo hapo, Mungu ni shahidi yangu, chumbani kikaanguka kitu: PUU! Halafu beseni likazunguka sakafuni, likazunguka, likazunguka, mpaka likatulia lenyewe.

"Na bado yuko," akasema shemeji.

Mama Kiprono akamsogelea mumewe, akamnong'oneza kwa lugha yao. Baba Kiprono akachukua kofia kutoka gotini. Mtu anachukua kofia kwa sababu moja tu. Shemeji alishasimama, anavaa koti, anasema, "Mimi sipokei wakwe kwenye nyumba yenye mwenyewe mwingine. Huyo aliyekula firigisi atoke awapokee yeye." Nekesa alikuwa amefumba macho, midomo inatetemeka, na niliuona ule mdomo wake wa zamani, wa kupasuka pembe, nikajua nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimemvunjia huyu mtoto nyumba kabla hajaingia.

Nikapima. Nikisema ukweli nitaitwa mchawi. Nikinyamaza nitaitwa malaya wa uzeeni. Nikaona heri mchawi, angalau mchawi anaogopwa.

"Mnataka kumwona aliyekula?" nikasema. "Basi mtamwona." Nikafungua mlango.

Mashavu akatoka. Hakukimbia, yeye hakimbii, alitoka kama diwani anayefika harambee, tumbo limeinuka juu ya sakafu, ngozi inang'aa, ulimi unatoka unaingia, na nyuma yake Sabina, kichwa juu. Sijawahi kuona wazee wakiruka hivyo. Mama Brian alipiga kelele "Shindwe!" akatokea dirisha la jikoni, na lile dirisha sijui alilipitaje. Mama Kiprono alikuwa nyuma ya kochi na kibuyu chake, hata tone halijamwagika. Shemeji alipanda meza na viatu, juu ya kitambaa changu nilichofuma mwenyewe, mguu mmoja ndani ya bakuli la kabichi.

"Wamekula wao," nikasema. "Firigisi zote mbili. Niliwapa mimi. Ni Jumamosi."

Baba Kiprono peke yake hakuinuka. Aliinama, mikono magotini, akamwangalia Mashavu vile mfugaji anaangalia ng'ombe mnadani: mgongo, nyonga, jicho, miguu. Mjusi akafika kwenye kiatu chake akakilamba. Hakuondoa mguu.

"Ana umri gani?"

"Miaka kumi na sita, baba."

"Na mgongo umenyooka hivi? Unampa nini?"

Nikaanza kumwambia. Nilidhani nitasema maneno mawili lakini uoga ulikuwa umeniisha wote, nikamwambia samaki siku gani, konokono wanaokotwa saa ngapi, kwa nini boga lipikwe na papai lisipikwe, kwa nini maini kidogo na sio kila wiki.

"Na madini?" akauliza. "Mimi ng'ombe wangu bila chumvi ya mawe ni bure."

"Maganda ya mayai, nasaga."

"Kwa mashine?"

"Kwa jiwe."

Akatikisa kichwa, akamwambia mkewe kitu, mkewe akachungulia juu ya kochi. Halafu akaniuliza, sauti imeshuka, "Wakati ule wa vita mlikuwa nao hapa?"

Hakuna aliyetarajia. Hata shemeji juu ya meza aliinama asikie.

"Tulikuwa hapa," nikasema. "Mimi, Nekesa na hawa."

"Walikula nini?"

"Mahindi. Sisi wote. Mahindi tu, mpaka mtoto akapasuka mdomo na huyu miguu ikamshinda."

Akaangalia viganja vyake. "Kwangu ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni," akasema. "Mahindi, maharagwe, maziwa tulikuwa tunamwaga, gari la kuyachukua halikuja. Hakuna aliyekuja kununua. Na hakuna niliyempelekea."

Mama Kiprono ndiye aliyetoka nyuma ya kochi, akapita kando ya Sabina kwa hatua ndogo ndogo huku akishika sketi yake, akamimina mursik kwenye kikombe, akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa, Mama," akasema. Nikanywa. Nekesa akaanza kulia, na Kiprono akamwomba samahani ingawa hakuwa amefanya lolote.

Tukiwa hapo, machozi yanatoka, sauti ikatoka juu ya meza. "Na firigisi yangu?"

Baba Kiprono akageuka akamwangalia yule mzee na mguu wake wa kabichi, akasema kwa heshima kabisa, "Mzee ana haki. Mtu asikose haki yake kwa sababu ya mjusi. Kuna jogoo mwingine hapa?"

Mama Brian, kutoka nje ya dirisha, akasema wake yuko, mwekundu, lakini yuko huko kwenye mahindi na mbio zake ni za medali.

Basi ndugu zangu, hivyo ndivyo Maili Nne yote ilivyoona posa ya mjukuu wangu. Baba Kiprono ameweka kofia kwenye nguzo ya uzio, Kiprono tai imemfika mgongoni, Mama Kiprono ametandaza kanga kama wavu, Mama Brian anabembeleza "kuu, kuu, kuu" na mahindi mkononi, mimi na goti langu bovu nalinda upande wa choo, na shemeji amesimama kwenye ngazi za mlango, hataki kukimbia lakini kuamuru anaamuru: "Kushoto! Mzuieni kwa choo! We kijana, unataka kuoa na huwezi kushika kuku?" Majirani wamepanda juu ya ukuta, wengine wanashangilia jogoo. Yule jogoo alipita kati ya miguu ya Baba Kiprono, akaruka kanga, akaelekea barabarani, na Nekesa, daktari wangu, na lile gauni la kijani, akajitupa mzima mzima kwenye matope akamshika mguu mmoja.

"Huyo ni wetu!" akapiga kelele Baba Kiprono, na mpaka leo hatujui alimaanisha jogoo au msichana, na sisi wote tulipiga makofi.

Nilimchinja mbele ya shemeji. Nilipasua firigisi mbele yake, vijiwe vikamwagika kwenye sahani, akaviangalia kimoja kimoja kama mtu anasoma barua. Nikaichoma. Akaila peke yake, taratibu, watu sita wanamsubiri wamejaa matope. Akapangusa mdomo. Akasema, "Sasa karibuni, wakwe. Tuongee."

Tuliongea mpaka jua likaanza kushuka, na tuliongea vizuri. Ila nilitozwa faini, mbuzi mmoja, kwa kumchongea mzee firigisi, na nililipa bila ubishi. Hivi sasa Moi's Bridge naitwa Mama Firigisi, na watoto wa shule wananiita hivyo, na nikikohoa matangani mtu lazima aulize kama nimeshiba. Nimeapa mambo mawili. La kwanza, kuku akichinjwa kwangu, firigisi inainuliwa juu mbele ya mashahidi watatu kabla haijaingia sufuria. La pili, mgeni wangu hatadanganywa tena juu ya ninavyofuga, akitaka kukimbia akimbie mapema, chai ikiwa bado haijamiminwa.

Lakini nisikilizeni. Wanawake wengi Eldoret wamewahi kuaibika mbele ya wakwe. Mimi Jumamosi iliyofuata niligongewa lango, nikafungua, nikamkuta Baba Kiprono peke yake, hakualikwa na mtu, kofia kichwani na mfuko wa karatasi kwapani. Alipita moja kwa moja mpaka penye sanduku la balbu akachuchumaa, mzee mzima.

"Mama," akaniambia, "hawa umewahi kuwapa mapera?"

Nikamwambia sijawahi.

Akafungua mfuko. Sabina alikula matatu.